Mashine Haikuwa Inakimbia: Kuhusu Kanda ya Njano ya Bad Brains

Hotuba kwa mafundi mitambo na wanafunzi wa muziki, Dar es Salaam

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wangu, mafundi mitambo wenzangu, na nyinyi vijana mlioanza kujifunza kazi ya kurekodi muziki: wakubwa shikamooni, na wengine wote habari za jioni. Nimeombwa nizungumzie albamu moja, na ninawashukuru waandaaji kwa kuniachia nichague mwenyewe, kwa sababu kazi iliyonifundisha kusikiliza kuliko nyingine yoyote ilitengenezwa mbali sana na hapa, na vijana wanne weusi wa Marekani ambao nadhani wengi wenu hamjapata kuwasikia.

Katikati ya miaka ya 1980 nilikuwa kijana wa kazi katika kibanda cha kurekodia kanda, Kariakoo. Wenye umri wangu wanavikumbuka vibanda vile: mteja analeta kanda tupu, anaandika kwenye karatasi nyimbo anazozitaka, kisha anarudi kesho yake kuchukua mzigo wake. Zilizotoka sana zilikuwa nyimbo za bendi zetu za dansi, za Wakongo, na za Bob Marley. Siku moja baharia mmoja alituletea kaseti yenye jalada la njano, lililochorwa radi ikilipiga kuba la jengo la Bunge la Marekani, akaomba atolewe nakala mbili. Niliiweka, nikabonyeza kitufe, na kabla hata ya nusu dakika kwisha nikaizima, kwa kuwa nilikuwa na hakika kabisa kwamba mashine inakimbia. Nikafanya kila nilichofundishwa na mzee wangu wa kazi: nikasafisha kichwa cha kusomea kwa spiriti, nikakagua kigurudumu cha mpira kinachobana utepe, nikautazama mkanda wa mota kama umelegea, na mwisho nikaihamishia kanda ile kwenye mashine ya pili. Ikawa vilevile. Nikaiacha iende, huku nikitafuta maneno ya kumwambia baharia kwamba kanda yake ni mbovu.

Ndipo ukafika wimbo wa sita. Ghafla ikaingia rege, ya taratibu, gitaa la besi likitembea kwa raha kama mtu anayetoka msikitini Ijumaa mchana, kila pigo mahali pake na kila chombo katika sauti yake ya kawaida. Kwa fundi, hilo lilikuwa jibu lisilo na rufaa. Nyote mnafahamu kwamba mashine inapokimbia haichagui wimbo: hukimbiza vyote, na tena huipandisha sauti, mwanamume akasikika kama mtoto na besi ikasikika kama gitaa la kati. Kama rege ile ilikuwa sahihi, basi na zile nyimbo tano za kwanza zilikuwa sahihi. Mashine haikuwa inakimbia. Iliyokuwa inakimbia ni mikono ya watu.

Kaseti hiyo ilikuwa albamu ya kwanza ya bendi ya Bad Brains, iliyotolewa mwezi Februari mwaka 1982 na lebo huru ndogo ya New York, yaani kampuni ya kutoa muziki isiyo chini ya kampuni kubwa, inayoitwa ROIR. Ninachotaka kukitetea mbele yenu leo ni jambo moja: kwamba ile kasi na ile rege ni kazi ya ustadi mmoja, na kwamba jambo kubwa ambalo lebo ndogo iliwafanyia vijana hawa ni kutowataka wachague kimoja kati ya viwili.

Niseme kidogo kuhusu neno panki, kwa sababu hapa kwetu limebaki kuwa jina la mtindo wa kunyoa nywele, na anayelisikia humfikiria kijana mwenye kishungi katikati ya kichwa. Nywele zile zilitoka kwenye muziki. Panki ilipopata nguvu katika New York na London katikati ya miaka ya 1970, ilikuwa ni roki iliyovuliwa mapambo yote: nyimbo fupi, gitaa moja au mawili yenye mkwaruzo, na imani kwamba asiye na mafunzo wala fedha naye anaweza kupanda jukwaani. Imani hiyo ndiyo iliyozaa lebo huru. Huko Manchester, Januari 1977, kundi la Buzzcocks lilitoa santuri yake yenyewe chini ya lebo yake yenyewe kwa fedha za kukopa, na kuanzia hapo vijana wa kila mji wakajua kwamba kiwanda cha santuri kinamhudumia yeyote mwenye malipo, hata kama hana kampuni kubwa nyuma yake.

Lakini hao tunaowazungumzia leo hawakuwa watu wasio na mafunzo, na hapa ndipo habari yao inapoachana na ya wenzao. Gary Miller, anayejulikana kwa jina la Dr. Know, mpiga gitaa. Darryl Jenifer, mpiga besi. Earl Hudson, mpiga dramu. Na kaka yake Earl, Paul Hudson, anayeitwa H.R., mwimbaji: hawa walikulia katika vitongoji vya watu weusi vilivyo pembezoni mwa Washington, upande wa Maryland, na walianza mwaka 1976 kwa jina la Mind Power wakipiga jazi iliyochanganywa na roki, ile ya akina Mahavishnu Orchestra na Return to Forever. Anayeujua muziki huo anajua una mapigo yasiyo ya kawaida, vituo vya ghafla, na vifungu virefu ambavyo vyombo vyote hupita pamoja bila hata kimoja kuteleza. Haupigwi na mtu asiyefanya mazoezi. Rafiki yao mmoja, Sid McCray, ndiye aliyewaletea santuri za panki, nao wakaona humo nguvu ambayo jazi yao haikuwa nayo. Wakabadilisha jina, wakilitoa kwenye wimbo wa Ramones, bendi ya panki ya New York, wakachukua nidhamu yote ya jazi wakaiingiza ndani ya nyimbo za dakika moja.

Nawaomba mlitafakari hilo la nidhamu. Kuna dhana iliyoenea kwamba muziki wa kasi ni muziki wa kujificha, kwamba mpigaji anakimbia ili makosa yake yasionekane. Kwa wengi ni kweli. Kwa hawa wanne ilikuwa kinyume kabisa, maana walifanya mazoezi hadi kasi yenyewe ikageuka kuwa kipimo cha usahihi: kadiri wimbo ulivyokwenda mbio, ndivyo kosa dogo la mmoja lilivyoweza kuwaangusha wote wanne, nao hawakuanguka. Santuri yao ndogo ya kwanza, waliyoitoa wenyewe mwaka 1980, ina wimbo usiofika dakika moja na nusu, na ndani ya muda huo mna ubeti, kiitikio, na mwisho unaokatika kwa pamoja kama kamba iliyokatwa kwa panga.

Washington ya wakati ule ilikuwa mji ambao wakazi wake wengi ni weusi, wenye muziki wao wenyewe wa kuchezea, uitwao go-go, uliokuwa ukitawala kumbi za vijana. Bendi ya watu weusi inayopiga panki haikuwa na nyumba upande wowote. Walianza kupiga katika vyumba vya chini vya nyumba za marafiki na katika nyumba ya wasanii iitwayo Madam's Organ. Mwaka 1979 walifanya jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa la ujasiri kuliko yote: walipeleka vyombo vyao Valley Green, mtaa wa nyumba za serikali wa watu weusi maskini kusini mashariki mwa mji, wakapiga hadharani, huku vijana wachache wa kizungu waliowafuata wakisimama bega kwa bega na watoto wa mtaa ule. Ipo picha ya siku hiyo, kazi ya mpiga picha Lucian Perkins, na nawashauri muitafute, kwa sababu inaonyesha nyuso za watu ambao hawajaamua bado kama wanaupenda muziki huu, ila hawaondoki.

Kumbi, kwa upande wao, zilianza kufunga milango. Wasikilizaji walikuwa wakirukaruka, wakigongana, vitu vikivunjika, na wenye kumbi wakawa hawataki tena kuwasikia. Hapakuwa na amri iliyoandikwa mahali popote, ila mlango baada ya mlango walijibiwa hapana, na wimbo wa tano wa kanda yao, “Banned in D.C.”, yaani kupigwa marufuku Washington, unalisimulia jambo hilo moja kwa moja, tena bila kulia. Walijaribu Uingereza wakakataliwa kuingia walipofika, kwa kukosa vibali vya kazi. Waliporudi mikono mitupu, vijana wa bendi ya Teen Idles, wadogo kwao kwa umri na kwa ujuzi, waliwaazima vyombo. Wawili kati ya vijana hao, Ian MacKaye na Jeff Nelson, ndio walioanzisha lebo ya Dischord mwaka 1980 na baadaye bendi ya Minor Threat, na wamesema mara nyingi kwamba kuwaona Bad Brains jukwaani kuliwabadilishia kipimo cha kazi nzuri. Hatimaye wanne wale wakahamia New York.

Huko walimkuta Jerry Williams, ambaye kwenye kanda anaandikwa kwa jina la Jay Dublee. Alikuwa na chumba cha kurekodia nambari 171 katika Avenue A, upande wa mashariki ya chini wa Manhattan, mtaa ambao wakati ule ulikuwa na nyumba nyingi zilizoachwa na wenyewe, na chumba chenyewe kikajulikana kwa anwani yake tu: 171-A. Chini yake palikuwa na duka la santuri la Rat Cage, ambalo nalo lilikuwa lebo, na Beastie Boys, waliokuja kuwa kundi maarufu la rap, walirekodi humo kazi yao ya kwanza kabisa walipokuwa bado bendi ya panki ya watoto wa shule. Nyinyi mafundi mtanielewa nikisema kwamba 171-A inasikika ndani ya kanda. Hapana mwangwi mkubwa wa bandia juu ya nyimbo za kasi, hapana gitaa lililopangwa tabaka kumi, na sauti ya H.R. haikuoshwa ikang'aa. Unasikia watu wanne katika chumba kimoja, karibu sana na maikrofoni, wakitazamana.

Rekodi hizo ni za mwaka 1981. Bob Marley alifariki tarehe 11 Mei mwaka huohuo, na siwezi kusikiliza rege iliyo ndani ya kanda ile bila kukumbuka hivyo. Vijana hawa walikwishamwona Marley jukwaani, na onyesho hilo liliwageuza: walianza kufuga rasta, wakaingia katika imani ya Rastafari, na wakaanza kupiga rege kwenye maonyesho yaleyale ya panki. Hawakuiweka rege kama kiburudisho cha kupumulia. Kwao ilikuwa ibada.

Sasa tuje kwenye lebo. ROIR ilianzishwa na Neil Cooper mwaka 1979, na jambo lililoitofautisha na nyingine zote ni kwamba katika miaka yake ya mwanzo ilitoa kazi zake kwa kaseti tu, bila santuri. Leo mnaweza kuliona kuwa jambo dogo. Kumbukeni kwamba kaseti ya Philips ilikuwa imeingia sokoni tangu mwaka 1963 ikidhaniwa kuwa ya kurekodia barua na mihadhara, kwamba mashine ndogo ya kaseti ya kubeba kiunoni ya Sony, Walkman, ilianza kuuzwa mwaka 1979, na kwamba mwaka 1981 kampuni za santuri za Uingereza zilianzisha kampeni kubwa ya kuwatisha watu kwamba kurekodi kanda nyumbani kunaua muziki. Wakati huohuo Cooper alikuwa akiuza kwa kaseti hiyohiyo muziki ambao kampuni zile zisingeugusa. Kanda ilikuwa rahisi kuzalisha, ilikuwa nyepesi kutumwa kwa posta, na mnunuzi angeweza kumtolea rafiki yake nakala usiku huohuo. Kila nakala hupoteza kidogo na huongeza mvumo, nyote mnajua, lakini muziki huu ulivumilia kunakiliwa kuliko muziki mwingine, kwa kuwa uhai wake ulikuwa katika mapigo, na pigo halipotei haraka katika mvumo kama inavyopotea sauti nyembamba ya fidla au ya ganuni ya taarabu.

Sisi wa ukanda huu hatuhitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo. Muziki wetu wa miaka ileile ulisafiri kwa kanda kutoka Mombasa hadi Muscat na kutoka Kinshasa hadi Kigoma, mara nyingi bila mwenye wimbo kupata hata senti moja, na masikio yetu yalijifunza kusikia wimbo uliofichwa nyuma ya mvumo. Ndiyo maana baharia yule hakuona ajabu kuniletea kaseti ya njano Kariakoo kwangu. Alikuwa na kanda, nami nilikuwa na mashine.

Nizungumze kuhusu muziki wenyewe, maana ndio uliotuleta. Kanda ina vibao kumi na vitano na haifiki dakika thelathini na sita. Inafunguliwa na “Sailin' On”, wimbo unaoenda mbio huku nyuma yake waitikiaji wakiimba kiitikio kitamu ambacho kingefaa bendi yoyote ya mapenzi, na mchanganyiko huo wa utamu na mbio unakuambia tangu mwanzo kwamba hawa si watu wa kupiga kelele tu. “Attitude” inapita kwa dakika moja na ziada, ikibeba wazo ambalo H.R. alilipata katika maandishi ya Napoleon Hill, mwandishi wa miaka ya 1930 aliyehubiri kwamba mtazamo mwema wa akili ndio mwanzo wa kila mafanikio. Fikirieni jambo hilo: katika kipindi ambacho panki nyingi ilikuwa ikitangaza kwamba hakuna kesho, vijana waliofukuzwa kumbini mwao walikuwa wakiimba kwamba akili ya mtu ni mali yake mwenyewe, hakuna anayeweza kuifungia mlango.

Msikilizeni Earl Hudson peke yake, kama mkiweza. Katika nyimbo za kasi dramu yake ndogo inapiga kwa wepesi unaotoka kwenye kifundo cha mkono, wala si kwenye bega. Ndiyo sababu hachoki na ndiyo sababu pigo halivimbi. Wapigaji wengi waliomwiga walitumia nguvu, na muziki wao ukawa mzito kadiri walivyoongeza mwendo. Kisha msikilizeni mtu huyohuyo katika “Leaving Babylon”. Katika rege ya asili pigo la kwanza la kila kipimo, yaani kila fungu la mapigo manne, huachwa wazi, dramu kubwa ikaja kuangukia pigo la tatu, na mpigaji asiyejiamini hulijaza lile pengo kwa hofu. Earl analiacha. Mtu aliyetoka kupiga mapigo yasiyohesabika kwa dakika moja anaweza, dakika inayofuata, kukaa kimya pale panapotakiwa kimya. Mimi nimefanya kazi na wapiga dramu wengi wazuri, na wenye uwezo huo wa pande mbili naweza kuwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Dr. Know naye anastahili neno. Katika “Banned in D.C.” anatoa solo fupi ambayo ndani yake unasikia shule yake ya jazi, noti zikimwagika, na kabla hujaishangaa imekwisha na wimbo umerudi njiani. Hajionyeshi. Na “Big Take Over” inaanza taratibu, kama mtu anayebisha hodi, gitaa likikwaruzwa na dramu ikijengwa ngazi kwa ngazi, mpaka mlango unapofunguka na kila kitu kinapasuka kwa wakati mmoja. Sisi tuliokulia kwenye dansi na rumba tunaielewa ile hamu, kwa sababu tunaijua ngoja-ngoja ya kusubiri sebene: wimbo unaimbwa kwa utulivu, watu wanacheza kwa heshima zao, huku kila mmoja ukumbini anajua kwamba muda si mrefu gitaa la solo litaanza kuchachamaa. Tofauti ni kwamba Wakongo huziweka hali mbili hizo ndani ya wimbo mmoja, na Bad Brains wameziweka ndani ya kanda moja, zikitenganishwa na kimya cha sekunde chache.

Rege zenyewe ni tatu: “Jah Calling”, ambayo haina maneno, “Leaving Babylon”, na “I Luv I Jah”, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote, ya zaidi ya dakika sita, karibu sawa na nyimbo tano za kasi zikiunganishwa. Kwa hesabu ya dakika, basi, rege imechukua sehemu kubwa ya kanda ambayo ulimwengu unaiita ya panki. Sina shaka yoyote kuhusu ambacho mfanyabiashara mwangalifu angewaambia: toeni rege, au toeni panki, kwa maana duka halitajua liiweke kwenye rafu ipi. Hata leo mnaambiwa hivyo, vijana wangu. Mnaambiwa mchague kati ya singeli na taarab, kati ya ngoma za kwenu na za mjini, kwa sababu soko linataka jina moja. Neil Cooper hakuwa na rafu kubwa ya kuilinda. Aliichukua kazi kama ilivyotoka mikononi mwa wenyewe, ibada na ghasia pamoja, na akaifungasha kwenye plastiki.

Uhuru huo ulikuwa na gharama yake. Kaseti peke yake haikuwa rahisi kupigwa redioni, mahali ambapo watangazaji walizoea kuweka sindano juu ya santuri, na lebo ndogo ina fedha ndogo za kuwasafirisha wanamuziki. Na wapo wanaoitukuza kanda hii wakasahau watu walioipiga walivyokuwa, nami sitaki kufanya hivyo. Mwaka uleule wa 1982, walipopita Austin, Texas, waliwatukana na kuwadhalilisha wanamuziki wenzao waliowakaribisha, kwa sababu mmoja wao alikuwa shoga, na habari hiyo ikaenea katika kila mji waliotarajia kwenda. Watu waliojua ladha ya mlango kufungwa usoni walimfungia mwingine mlango. Ninaipenda kanda hii kwa moyo wote, na jambo hilo linaniuma kila ninapoisikiliza.

Mwaka 1983 walitoa albamu ya pili, “Rock for Light”, wakirekodi upya baadhi ya nyimbo za kanda ya njano chini ya Ric Ocasek, kiongozi wa bendi maarufu ya The Cars. Ni kazi safi zaidi. Mwaka 1991 albamu hiyo ilichanganywa upya ikatolewa tena, na safari hii utepe wenyewe uliongezwa mwendo, sauti zikapanda. Nilipoipata mara ya kwanza niliitambua papo hapo, kwa masikio yaleyale ya Kariakoo: hapo mashine ilikuwa inakimbia kweli. Sielewi kwa nini walihisi haja hiyo, wao ambao miaka kumi kabla yake hawakuhitaji msaada wa mota yoyote, na kwa maoni yangu mchanganyiko wa mwanzo wa 1983 ndio unaofaa kusikilizwa.

Kanda ya njano, kwa upande wake, haikuacha kuzunguka. Adam Yauch wa Beastie Boys aliitaja kuwa albamu bora kuliko zote za panki ya kasi. Ilichapwa baadaye kwa santuri na kwa diski, na kuanzia mwaka 2021 kazi za zamani za bendi hii zilianza kutolewa upya chini ya lebo yao wenyewe, baada ya wao kurudishiwa umiliki wa rekodi zao asilia. Wapo hapa ukumbini wazee wa dansi ambao rekodi zao za ujana zinauzwa leo huko Ulaya bila wao kuulizwa, na wanaelewa vizuri kuliko mimi maana ya miaka karibu arobaini ya kungoja.

Nimekuja na kanda. Si ile ya baharia, aliondoka nayo pamoja na nakala zake mbili. Ni nakala ya tatu, niliyojitolea mwenyewe usiku ule kabla hajarudi, na bado inacheza. Namwomba fundi wetu aiweke upande wa kwanza, asiguse kitasa cha sauti wala cha mwendo, na atuachie nyimbo sita za mwanzo zipite bila kukatizwa. Ni dakika kumi hivi. Wanafunzi, hesabuni pigo la dramu kubwa katika wimbo wa tano, kisha mlihesabu tena wimbo wa sita utakapoingia. Fundi, tafadhali.